Simu ya msikiti ni amana: Za zamani tusizitupe, tuziunganishe na mtambo mpya

Simu ya mezani haina thamani kubwa machoni pa watu wa leo. Kila kijana ana yake mfukoni, na wengi wamekwishasahau hata mlio wa kengele yake. Lakini katika misikiti yetu, madrasa zetu na ofisi za jumuiya zetu, simu hiyo ya waya ingali inabeba mzigo ambao simu ya mfukoni haijaweza kuubeba wote. Ndiyo inayopigwa anapofariki mtu usiku wa manane. Ndiyo anayoitumia mjane kuulizia siku ya kugawiwa zaka. Ndiyo anayoikimbilia mke aliyechoshwa na ugomvi wa nyumbani, naye hataki jirani ajue. Namba yake imeandikwa kwenye kalenda za Kiislamu, nyuma ya milango ya jikoni, na katika vichwa vya wazee ambao hawakumbuki namba nyingine yoyote.

Miaka hii ofisi nyingi zinahamia katika simu zinazopita kwenye intaneti, na sababu zake zinaeleweka. Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, ukafuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010, intaneti imeacha kuwa kitu cha wachache. Njia ileile inayoleta barua pepe na darsa za video inaweza pia kuchukua mazungumzo ya simu. Swali linalozikabili kamati za misikiti ni hili: simu za zamani, ambazo nyaya zake zilipitishwa ukutani na waliotutangulia, zina nafasi gani katika mtambo mpya? Jibu la haraka ni kuzing'oa na kununua nyingine. Sisi katika kamati yetu tulilijadili jambo hili kwa majuma kadhaa, tukafikia jibu tofauti. Tunaona inafaa tulieleze kwa kirefu, ili kamati nyingine, na familia zinazozichangia, zipate pa kuanzia.

Mali ya wakfu haitupwi kwa kuwa imezeeka

Simu zetu ni tano: ya ofisi, ya nyumba ya imamu, ya chumba cha akina mama, ya madrasa, na ya chumba cha kuoshea maiti. Hakuna hata moja iliyonunuliwa kwa fedha za kamati. Zililetwa na waumini, baadhi yao wakinuia thawabu ziwafikie wazazi wao waliotangulia mbele ya haki. Kwa hiyo suala hili, kabla ya kuwa la ufundi, lilikuwa la fikihi.

Asili ya wakfu inajulikana. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alipopata ardhi Khaybar, alimwendea Mtume (s.a.w.) kumtaka shauri, naye akamwelekeza aizuie asili yake na mazao yake yawe sadaka, ardhi isiuzwe, isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Hadithi hiyo imepokewa na Bukhari na Muslim. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kubadilisha mali ya wakfu iliyopungua manufaa, na madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu katika pwani hii tunayafuata, ndiyo yenye ukali zaidi katika mlango huo. Maadamu simu hizo bado zinalia na sauti yake bado inasikika, hatukuona hoja ya kuziondoa. Ukiongeza juu ya hilo makatazo ya ubadhirifu yaliyomo katika Suratul-Israa, njia ya kuzitupa inakuwa nyembamba sana.

Vijana wa kamati waliuliza kwa nini tusitegemee simu za mkononi na makundi ya WhatsApp peke yake. Swali lao lilikuwa la haki, na mzee mmoja wa baraza alilijibu kwa maneno machache: simu ya mfukoni ina mwenyewe, ya msikiti haina mwenyewe ila Mungu. Mwenye simu akisafiri, akiugua, akihitilafiana na wenzake au akifariki, namba yake huondoka naye. Namba ya msikiti haina budi kubaki pale ilipo, ikiitika leo na miaka 20 ijayo, yeyote awe katibu na yeyote awe imamu.

Laini moja, masikio matano

Tulipochunguza, tuliona kwamba ubovu haukuwa katika simu zenyewe, bali katika namna zilivyounganishwa. Zote tano zilikuwa zimefungwa kwenye nyaya mbili zilezile za laini moja. Utaratibu huo ni rahisi kwa fundi, ila una madhara mawili.

La kwanza ni msongamano. Mtu mmoja akizungumza, wengine wote wamezuiliwa. Mwalimu wa madrasa akiwa anaagiza vitabu, aliyefiwa huko nje hupata mlio wa laini kutumika, akakata, akapiga tena, akakata tena.

La pili ni zito zaidi. Katika mfungo wa namna hiyo, yeyote anayeinua mkonga wa simu katika chumba kingine husikia mazungumzo yote yanayoendelea. Mama anayemweleza imamu habari za ndoa yake hana njia ya kujua kama mkonga wa madrasani umeinuliwa au umelala. Mwakilishi wa akina mama alilisema hilo wazi katika kikao: wapo waliokwishaacha kupiga simu, wakawa wanasubiri imamu apite njiani, na wapo wasiosubiri chochote bali hunyamaza na dhiki zao. Suratul-Hujuraat imekataza kupelelezana. Nyaya zetu zilikuwa zimemweka kwenye mtego hata yule asiyekusudia kupeleleza, naye ameinua mkonga kwa ajili ya kumpigia muuza maji tu. Maneno ya mwakilishi huyo ndiyo yaliyotuharakisha kuliko hoja nyingine yoyote.

Hofu ya mtu wa tatu katika simu si ngeni, na historia yake inagusa msiba moja kwa moja. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwapo Kansas City, Marekani, mwendesha shughuli za mazishi aliyeitwa Almon Strowger. Enzi hizo kila simu iliunganishwa kwa mkono na mtu aliyeketi kituoni. Inasimuliwa kwamba Strowger aliona wateja wanapungua, akamshuku muunganishaji wa simu wa mji kuwa anawapeleka wafiwa kwa mshindani wake. Kisa hicho hata kama kimetiwa chumvi, matokeo yake yamethibiti: mwaka 1891 Strowger alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu bila mkono wa mtu, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa katika mji wa La Porte, jimbo la Indiana. Vituo vya simu vinavyojiendesha vilitapakaa duniani kutokana na kazi ya mtu wa mazishi aliyetaka simu ya mfiwa imfikie aliyekusudiwa.

Sauti husafiri kwa njia mbili

Ili tuelewe namna ya kuunganisha, yatupasa tujue tofauti ya njia ya zamani na njia mpya.

Simu ya zamani haihitaji soketi ya umeme. Chakula chake hutoka katika kituo cha kampuni ya simu, kwa kawaida volti 48 za betri kubwa, kikipita katika nyaya mbili za shaba. Ukiinua mkonga, mkondo huanza kupita. Kituo kikatambua kuwa yupo mtu, kikatoa mlio wa kumkaribisha apige namba. Unapopigiwa, kituo hupeleka umeme wa aina nyingine, unaokwenda na kurudi, wenye volti zinazokaribia 90, na huo ndio unaotikisa kengele. Sauti yenyewe hupita kama wimbi la umeme linalopanda na kushuka kwa kuifuata sauti ya msemaji.

Simu ya intaneti haibebi wimbi, hubeba hesabu. Sauti hupimwa mara 8,000 katika kila sekunde, kila kipimo kikaandikwa kwa tarakimu. Tarakimu hizo hukatwa vipande vifupi, mara nyingi vya milisekunde 20, kila kipande kikaandikiwa anwani na kutumwa kivyake. Upande wa pili vipande hupangwa tena kwa zamu yake na kugeuzwa kuwa sauti. Mkonga wa zamani hauijui lugha hii hata kidogo. Kati yake na mtambo mpya panahitajika mkalimani.

Mkalimani wa kiganjani

Mkalimani huyo ni kisanduku kiitwacho adapta ya simu, ambacho kinaweza kuenea kiganjani. Upande mmoja kina tundu la waya wa mtandao, na upande mwingine tundu moja au mawili ya simu. Vipo vikubwa zaidi vyenye matundu manne, manane, hata 24, kwa ofisi zenye simu nyingi. Kwa simu iliyochomekwa humo, adapta huwa ndiyo kituo kizima cha simu: huipa umeme, huipa mlio wa kukaribisha, huitikisia kengele, na huigeuza sauti yake kuwa hesabu na hesabu kuwa sauti.

Nyuma ya adapta upo mtambo wa ofisi, nao siku hizi ni programu tu inayokaa ndani ya kompyuta. Iliyo mashuhuri ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999. Hutolewa bure, na yeyote mwenye ujuzi anaruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Kwa simu tano, kompyuta ndogo iliyokwishatumika inatosha. Adapta na mtambo huzungumza kwa utaratibu uitwao SIP. Kwa kila tundu fundi huandika mambo matatu: anwani ya mtambo, namba ya ndani ya simu hiyo, na neno lake la siri. Kuanzia hapo kila simu inakuwa na namba yake. Ofisi yetu ni 101, imamu 102, akina mama 103, madrasa 104, na chumba cha kuoshea maiti 105. Zinaweza kuzungumza mbili kwa mbili kwa wakati mmoja, na hakuna mkonga unaosikia usichohusika nacho.

Manufaa ya gharama nayo ni ya wazi. Kila simu mpya ya intaneti inahitaji waya wa mtandao wenye nyuzi nane na umeme wake. Zetu zilikuwa na nyaya mbili mbili zilizokwishapita ndani ya kuta na chini ya ua mpaka nyumba ya imamu. Kuzitumia hizohizo kulituepusha kuvunja kuta za msikiti na kuwaomba waumini mchango mwingine.

Matundu yanayofanana kwa sura

Hapa pana hatari ambayo kila kamati inapaswa kuifahamu hata kama kazi inafanywa na fundi. Nyuma ya baadhi ya adapta mna matundu ya aina mbili, yenye umbo moja, waya uleule ukiingia kote, ilhali kazi zake zinapingana. Lililoandikwa FXS hutoa umeme, na hilo ni la kuchomekea simu. Lililoandikwa FXO hupokea umeme, na hilo ni la laini inayotoka kwa kampuni ya simu. Laini ya nje ikichomekwa katika tundu la FXS, pande mbili husukumiana umeme, na kengele ya kituoni ikifika adapta inaweza kuungua papo hapo. Kwa ajili hiyo kazi ya kwanza ni kuzitenga nyaya zote za ukutani na laini ya nje, kisha kuzipima kwa mita. Zikionekana hazina volti ndipo ziunganishwe na adapta, jozi kwa jozi, kila jozi na alama yake.

Simu zenyewe nazo zikaguliwe. Nyingi za vitufe zina swichi ndogo chini au ubavuni yenye herufi T na P. Iwekwe kwenye T, yaani kila kitufe kitoe mlio wake. Simu za kuzungusha hazitoi milio. Zenyewe hukata mkondo: mara tano kwa namba tano, mara kumi kwa sifuri. Adapta nyingi hazielewi ishara hiyo. Simu ya aina hiyo italia na itasikika vizuri, lakini haitaweza kupiga.

Yetu moja ni ya namna hiyo, nyeusi na nzito, nayo ndiyo iliyo katika chumba cha kuoshea maiti. Haikuhitaji kuondolewa. Adapta inaweza kuamrishwa kwamba mkonga wa tundu fulani ukiinuliwa tu, ipige yenyewe namba moja iliyopangwa. Sasa muoshaji anayehitaji sanda au maji ya moto huinua mkonga, na simu ya ofisi ikalia bila yeye kuzungusha namba kwa mikono iliyolowa. Jambo la kuzingatia ni kwamba kengele za zamani zinakula umeme mwingi kuliko za kisasa, na kila tundu lina kiasi linachostahimili. Simu moja ya kengele kwa tundu moja ndiyo salama.

Ikiwa sauti inakatika au inajirudia kama mwangwi, mara nyingi kosa haliko katika simu. Mazungumzo mamoja yenye sauti safi yanahitaji takriban kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, na hicho ni kidogo mno kwa intaneti ya leo. Tatizo ni foleni. Wanafunzi wakiwa wanapakua video kwa njia hiyohiyo, vipande vya sauti husubiri nyuma yao, na sauti ikichelewa kupita milisekunde 150 kwa upande mmoja wazungumzaji huanza kukatizana. Dawa yake ni kuiagiza ruta itangulize vipande vya sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo simu ya intaneti inapozidiwa na ile ya babu zetu. Laini ya shaba hulishwa na betri za kituoni, kwa hiyo mtaa mzima ukiwa gizani simu huendelea kulia. Adapta, ruta na kompyuta ya mtambo hutegemea soketi ya ukutani. Umeme ukienda, navyo huenda, na simu zote tano huwa mapambo.

Jambo hili limezisumbua hata nchi tajiri. Uingereza ilikusudia kuzima laini zake za zamani Desemba 2025, ikasogeza mpaka Januari 2027, na miongoni mwa mambo yaliyoleta kuchelewa huko ni hali ya wazee na wagonjwa ambao vifaa vyao vya kuitia msaada nyumbani vinategemea laini hizo. Ikiwa wao wametaradadi, sisi ambao kukatika kwa umeme si habari ya gazetini tuna wajibu mkubwa zaidi wa kutahadhari.

Tulichukua hatua mbili. Ya kwanza ni betri ya akiba inayolisha vifaa vyote vya njia ya simu. Neno "vyote" lizingatiwe: kulisha adapta na kukisahau kisanduku cha mtoa huduma ya intaneti ni sawa na kuwasha taa katika nyumba isiyo na mlango. Ya pili ni kubakiza laini moja ya zamani. Zipo adapta zilizotengenezwa hivi kwamba umeme ukizimika, swichi ya ndani hujifunga yenyewe na kuiunganisha laini ya nje moja kwa moja na simu iliyo katika tundu la FXS. Simu tuliyoichagua kwa kazi hiyo ni ya nyumba ya imamu, kwa sababu humo hakukosekani mtu usiku.

Kisha tukafanya jaribio. Baada ya swala ya Isha, kwa makusudi, swichi kuu ilizimwa, na waumini wawili wakaombwa wapige namba ya msikiti kila baada ya muda. Betri ilihimili saa tatu na dakika kumi. Ilipokwisha, simu nne zilinyamaza kama ilivyotarajiwa. Ile ya imamu iliendelea kulia, katika giza, kwa umeme wa kituoni. Saa tatu si usiku kucha, na ndiyo maana tunasisitiza: kamati isikubali kukata laini yake ya mwisho ya shaba kabla ya kufanya jaribio kama hili na kuona kwa macho yake.

Siri za watu ziko mikononi mwa nani?

Mtambo mpya ulituondolea sikio la madrasani. Unaweza pia kuleta masikio mengine tukizembea. Adapta hutoka dukani na neno la siri linalojulikana na kila fundi duniani. Lisipobadilishwa, mwizi aliye nchi nyingine anaweza kuingia na kutumia mtambo wa msikiti kupiga simu za ng'ambo usiku kucha, na deni likawaangukia waumini. Ulinzi wake si mgumu: maneno ya siri marefu kwa kila namba, simu za nje ya nchi kufungwa isipokuwa kwa idhini, na ukurasa wa kurekebishia mtambo usiachwe wazi kwa mtu wa nje. Maneno hayo yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa, na yakabidhiwe kwa zaidi ya mtu mmoja, ili fundi au katibu akiondoka asiondoke na funguo za nyumba ya Mungu.

Mazungumzo yanayopita katika mtandao wa ndani nayo yanaweza kunaswa na mjuzi aliyeunganishwa humo. Kwa hiyo simu ziwekwe katika mtandao wao, mbali na ule wa wageni na wanafunzi, na pale adapta na mtambo vinapokubali kufumba sauti, ufumbaji huo uwashwe.

La mwisho katika mlango huu ni kurekodi. Programu hizi zinaweza kurekodi kila simu kwa kubofya sehemu moja, na kishawishi ni kikubwa. Kamati yetu ilikataa. Anayepiga simu msikitini kueleza aibu yake hakuitoa ili ihifadhiwe kwenye kompyuta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Lakini hata kama sheria hizo zisingekuwapo, amana ya mazungumzo ilikwishatulazimu.

Adabu ya kengele

Mtambo wa zamani haukujua saa. Ulilia katikati ya khutba kama ulivyolia mchana wa kawaida. Mpya unaweza kupangiwa nyakati. Wakati wa swala za jamaa na wa khutba ya Ijumaa, kengele zetu zilizo karibu na ukumbi hunyamaza, na mpigaji husikia sauti ya upole ikimwarifu kuwa watu wako katika ibada, apige tena baada ya muda mfupi. Sauti hiyo humwongezea jambo moja: kama ni msiba, abonyeze moja. Akibonyeza, simu hulia nyumbani kwa imamu. Baada ya saa za ofisi, simu isiyopokelewa kwa sekunde 20 huhamia kwa mwenye zamu.

Liko pia suala la kinachosikika mpigaji anaposubiri. Wengine hupendekeza kisomo cha Kurani. Nia ni njema, lakini aya hukatwa katikati pindi mkonga unapoinuliwa, na wanazuoni wengi wa zama zetu wamelichukia jambo hilo kwa simu za mkononi kwa sababu hiyohiyo. Sisi tumechagua mlio wa kawaida, basi.

Kwa wanaotaka kuanza

Kamati inayokusudia kazi hii ianze kwa kuhesabu: simu ngapi, nyaya zinapita wapi, ipi inazungushwa na ipi ya vitufe, na ni ipi ambayo ikinyamaza mtu ataumia. Simu hiyo ya mwisho ndiyo ya kupangiwa kwanza. Ianze na adapta moja yenye matundu mawili, iijaribu kwa mwezi, ndipo iendelee. Na mpango mzima uwekwe katika karatasi moja ukutani, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ukionyesha kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi.

Haya hayahusu misikiti peke yake. Familia yenye babu au bibi asiyeweza kioo cha kugusa, ambaye vidole vyake vimezoea simu yake ya meza, inaweza kumwekea adapta moja na akaendelea na simu yake ileile. Kumlazimisha mzee ajifunze upya kuzungumza na wanawe si katika kuwafanyia wema wazazi, pale ambapo kisanduku kidogo kingetosha.

Mwakilishi wa akina mama ametuarifu kwamba simu za suluhu zimeanza tena kuingia kwa imamu, naye hasemi ni za nani wala sisi hatuulizi. Kwetu hilo linatosha kuwa malipo ya kazi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalipe waliozitoa simu hizi, awarehemu waliotangulia miongoni mwao, na atujaalie sisi tuliobaki tuwe watunzaji wema wa tulichokabidhiwa. Wabillahi tawfiq.